Kutembezwa Mwadui na Geita: Historia ya Mgeni na Mwenyeji Wake

Mwezi Julai 1858 msafara mdogo ulitoka Kaze, mji tunaouita leo Tabora, ukashika njia ya kaskazini. Mwenye safari alikuwa John Hanning Speke, ofisa wa jeshi la Waingereza kutoka India. Mwenzake, Richard Burton, alibaki nyuma akiugua. Walikuwamo wapagazi, askari wachache wa Kibaluchi, kirongozi wa kutangulia mbele, na mtu mmoja aliyeitwa Sidi Mubarak Bombay. Bombay alizaliwa Uyao, akakamatwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarejea Afrika Mashariki baada ya bwana wake kufariki, akawa askari katika ngome iliyo karibu na Pangani. Speke hakujua Kiswahili. Wawili hao walizungumza Kihindustani, na karibu kila habari iliyomfikia Speke kuhusu nchi aliyoipita ilikuwa imepita kwanza masikioni na mdomoni mwa Bombay.

Njia yao ilikata Msalala, ikapita pori la Nindo, ikafika Salawe. Msomaji wa Shinyanga na Kahama hahitaji ramani kuyajua majina hayo. Speke aliona ng'ombe wengi, pamba, majabali yaliyorundikana juu ya vilima, na watu waliofua chuma. Aliona alichopitishwa. Kila mtemi alitaka hongo, yaani shanga na vitambaa, kabla ya kufungua njia. Wako wanaoiandika hongo kana kwamba ilikuwa uporaji. Mimi naiona kuwa kiingilio. Leo mgeni hulipa getini Serengeti na hakuna anayemwita mhifadhi mnyang'anyi.

Katika safari hiyo lilitokea jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Speke alifika kwa mtemi mwanamke. Alikwenda kumtazama, akakuta yeye ndiye anayetazamwa. Mtemi alimkaribisha, akakaa karibu naye, akaanza kumpapasa viatu, suruali, koti, hata nywele, akistaajabia kila kitu. Kwa muda ule mtalii alikuwa mama mwenye nchi, na kivutio kilikuwa Mwingereza aliyechoka kwa jua.

Tarehe 3 Agosti, siku 25 baada ya kutoka Kaze, walifika kilimani karibu na Mwanza na Speke akaliona ziwa. Aliuliza linaishia wapi upande wa kaskazini. Mwenyeji mmoja anayesifika kwa kusafiri aligeuka kuyatazama maji, akarusha mkono, akaalisha vidole tena na tena, kuonyesha kwamba huko mbele hakuna kipimo. Kwa ishara hiyo, na kwa machache mengine, Speke aliamini kwamba ameipata chemchemi ya mto Naili. Burton hakumwamini, na Ulaya ikagombana kwa miaka kadhaa. Chini ya nyasi za nchi waliyoipita kulikuwa na dhahabu, na upande wa mashariki wa njia yao kulikuwa na almasi. Hakuna aliyezionyesha, maana hakuna aliyeziulizia.

Mtu akitaka kujua biashara ya kutembeza watu kwa vikundi ilianza lini, kwa kawaida hupelekwa Uingereza, tarehe 5 Julai 1841, siku Thomas Cook alipowapakia watu wapatao 500 kwenye treni kutoka Leicester hadi Loughborough kwenda kwenye mkutano wa kupinga ulevi, kwa shilingi moja kila mtu. Ni kweli, hiyo ilikuwa biashara mpya. Lakini kazi yenyewe, ya kumchukua mgeni asiyejua lugha, kumchagulia njia, kumwombea ruhusa na kumweleza anachokiona, ilikuwa ikifanywa na watu wa misafara ya Unyamwezi na pwani kwa ustadi mkubwa, nao walijua vizuri ujira wao. Bombay alikuja kumwongoza Speke mara ya pili, kisha Stanley, kisha Cameron aliyevuka bara zima hadi Atlantiki. Alifariki mwaka 1885. Sidhani kama yuko mwongoza watalii wa Tanzania mwenye wasifu kama wake.

Mgeni mkubwa aliyefuata Shinyanga hakufuata mali. Alifuata mbung'o. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza vichaka vilikuwa vimesambaa, mbung'o nao, na wafugaji wa Kisukuma walikuwa wakipoteza malisho. Charles Swynnerton, msimamizi wa kwanza wa wanyamapori katika Tanganyika ya Waingereza, aliichagua Shinyanga kuwa mahali pa majaribio yake. Hapa mwenyeji alikuwa mtemi Makwaia wa Usiha. Ni kwa amri na ushawishi wa watemi kwamba maelfu ya watu walitoka na mashoka baada ya mavuno kufyeka vichaka, mwaka baada ya mwaka. Makao ya utafiti wa mbung'o yakawa Shinyanga ya zamani, na wataalamu walikuja kujionea namna nchi inavyoweza kukombolewa kwa moto na shoka. Swynnerton alikufa mwaka 1938 katika ajali ya ndege, pamoja na mtaalamu wa mimea B. D. Burtt. Mtoto wa Makwaia, Kidaha, aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945, yeye na Abdiel Shangali wa Machame, wakiwa Waafrika wa kwanza kukaa humo.

Kazi ile iliwapa watu malisho na mashamba, na pia iliwafundisha wakubwa wa serikali kwamba mti ni adui. Deni lake lilikuja kulipwa baadaye, nitalirudia.

Wakati huohuo reli ilikuwa ikipanda kutoka Tabora. Ilifika Mwanza mwaka 1928, na Shinyanga ikapata stesheni, maduka ya Wahindi, maghala ya pamba na mji mpya. Kwa reli hiyo mgeni hakuhitaji tena siku 25 wala kirongozi. Alihitaji tikiti. Ukweli ni kwamba kwa miaka kadhaa hakuna aliyekuwa na sababu ya kushuka Shinyanga ila mnunuzi wa pamba, mtaalamu wa mbung'o na ofisa wa kodi.

Almasi ndiyo iliyobadilisha hayo. John Thorburn Williamson alizaliwa Quebec, Kanada, mwaka 1907, akasomea jiolojia katika chuo kikuu cha McGill hadi kupata udaktari. Alikuja Tanganyika miaka ya 1930 na kufanya kazi katika kampuni ndogo ya almasi huko Mabuki. Mawe yalikuwa yakionekana hapa na pale, lakini mwamba mama haukujulikana ulipo. Kampuni ilipochoka, yeye hakuchoka. Aliendelea kutafuta kwa fedha za kukopa, akiugua malaria mara kwa mara, akidaiwa na wenye maduka. Mwaka 1940 akaupata Mwadui. Hadithi za siku hiyo zinatofautiana: moja inasema gari lilikwama kwenye tope, nyingine inataja mbuyu, nyingine inasema jiwe la kwanza liliokotwa na msaidizi wake Mwafrika. Ninaipenda hiyo ya mwisho, lakini kupenda si ushahidi. Kinachojulikana ni ukubwa wa mwamba wenyewe: hekta zipatazo 146 juu ya ardhi, kati ya miamba mikubwa ya almasi iliyowahi kuchimbwa duniani.

Mshirika wake alikuwa mwanasheria wa Mwanza, I. C. Chopra, aliyemsaidia kwa fedha na kwa sheria wakati hakuna benki iliyomtaka. Kampuni yao, Williamson Diamonds, ilikua ndani ya vita, kwa kuwa viwanda vya silaha vilihitaji almasi za kukatia vyuma. Vita ilipokwisha Williamson alikuwa mmoja wa matajiri wanaotajwa sana duniani, na wakati huohuo mmoja wa watu wanaoonekana kwa nadra. Hakuoa. Hakupenda kusafiri. Aliyetaka kumwona alikuja Mwadui.

Na Mwadui ilijengwa kama mahali pa kuonwa. Katikati ya mbuga kavu paliota mji kamili: nyumba za mabati na matofali kwa mistari, hospitali, shule, duka, uwanja wa ndege, bwawa la Songwa na klabu ya mashua za tanga juu yake. Mashua za tanga, Shinyanga! Mji wote ulizungushiwa uzio, na uzio ukazungukwa na walinzi. Ndani ya uzio watu waligawanywa kwa rangi zao, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, kama ilivyokuwa kila mahali chini ya Waingereza. Nje ya uzio vilibaki vijiji vilevile vya jana.

Oktoba 1947 mgodi ulitoa jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5. Mwezi uliofuata Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alikuwa anaolewa, na Williamson akampa jiwe hilo kuwa zawadi ya harusi. Machi 1948 bibi harusi na bibi yake, Malkia Mary, walikwenda kwenye karakana ya Briefel and Lemer jijini London kuonyeshwa namna jiwe linavyokatwa. Huko nako walitembezwa: fundi alieleza, wageni wakainama kutazama. Jiwe lilibaki na karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakalitia katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Mwaka 2012 watu wa London na wageni wao walikata tiketi kuingia kasri la Buckingham kutazama vito vya malkia, na bruchi hiyo ilikuwa miongoni mwake. Kwa hiyo jiwe la Mwadui limewahi kuonyeshwa hadharani. Limeonyeshwa mbali kidogo na Mwadui.

Mwaka 1956 ilikuwa zamu ya mdogo wa Elizabeth. Princess Margaret alikuwa katika ziara ya Afrika Mashariki, na mwezi Oktoba ndege yake ilitua Mwadui. Williamson, mtu asiyependa wageni, alimtembeza mwenyewe. Picha zimebaki: mgeni kavaa kofia na glavu, mwenyeji pembeni yake, watumishi wamesimama kwa adabu. Ziara kama hiyo ilikuwa na mpangilio wake. Mgeni alionyeshwa shimo, kisha mtambo wa kuoshea kokoto, kisha meza ya kuchagulia mawe, ambako vidonge vinavyofanana na chumvi ya mawe hulala kwenye karatasi nyeupe. Alionyeshwa pia hospitali na shule, kwa sababu ziara ya mgodi tangu enzi hizo haikosi kituo cha kuonyesha wema wa mgodi. Hakupelekwa kijijini. Wakati huo chama cha TANU kilikuwa kimezuiwa kufanya kazi Usukumani, na mgeni aliyetaka kusikia Wasukuma wanasema nini kuhusu ardhi yao angekuwa mgeni mbaya.

Williamson alifariki Januari 1958 akiwa na miaka 50. Ndugu zake waliuza, na mgodi ukagawanywa nusu kwa nusu kati ya De Beers na serikali ya Tanganyika. Mmiliki amebadilika mara kadhaa tangu hapo. De Beers walirudi mwaka 1994 wakiwa na asilimia 75, na mwaka 2009 hisa hizo zikaenda kwa Petra Diamonds. Jina la Williamson halikuondoka, wala geti.

Kwa mtu wa Kishapu, wilaya yenye Mwadui, geti ndilo linalogawa aina za wageni. Anayeingia kwa barua ni mgeni rasmi. Anayeingia usiku kutafuta mchanga wenye almasi anaitwa mbeshi. Wabeshi nao wana ziara yao ya mgodi, ya vikundi vidogo, yenye kiongozi anayejua uzio umelegea wapi, ila wao hukimbia mbwa na risasi. Wengi waliumizwa, wengine walikufa. Watu 71 walifungua madai nchini Uingereza, na Mei 2021 Petra walikubali kulipa pauni milioni 4.3 kumaliza shauri hilo, bila kukiri kuwajibika kisheria, huku wakikubali kwamba yalitokea mambo yasiyopasa kutokea. Tarehe 7 Novemba 2022 bwawa la matope la mgodi lilipasuka, tope likafunika nyumba na mashamba ya Ng'wanholo na Nyenze. Safari hii waandishi, viongozi na wataalamu walikwenda vijijini, na waliowaongoza walikuwa wenye nyumba, wakionyesha kwa mkono: hapa palikuwa jiko, pale palikuwa zizi.

Haki inadai pia niseme kwamba geti la Mwadui limewahi kufunguka kwa furaha. Mwadui FC ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2015, uwanja wake wa Mwadui Complex, ulio kwenye mji wa mgodi, ulipokea mashabiki ambao wasingepata barua ya mwaliko kwa sababu nyingine yoyote. Timu ilishuka mwaka 2021.

Geita ina historia nyingine, ndefu na yenye vumbi zaidi. Wajerumani walishaona dalili za dhahabu huko mwishoni mwa karne ya 19, lakini mgodi wa kweli ulianza mwaka 1936, chini ya Waingereza. Ulikuwa mgodi wa chini ya ardhi. Vifaa vilishuka kwenye treni Mwanza, vikavuka ziwa hadi ghuba ya Nungwe, vikapanda barabara ya vilima. Kwa miaka 30 ulitoa wakia zipatazo milioni moja za dhahabu. Mwaka 1966 ulifungwa. Bei ya dhahabu duniani ilikuwa imefungwa kwa dola 35 kwa wakia, gharama zinapanda, na mwenye mgodi hakuona faida tena.

Mgodi ukifungwa kuna mambo mawili yanayoweza kutokea. Kimberley, Afrika Kusini, shimo kubwa la almasi lilifungwa mwaka 1914 na leo ni makumbusho: mgeni hulipa, hutembezwa, hununua kikombe chenye picha ya shimo. Geita hakuna aliyewaza hivyo. Msitu ulirudi juu ya mitambo, mji ukabaki na ofisi za wilaya na soko, na taratibu wachimbaji wadogo wakaanza kufika. Miaka ya 1980 walikuwa wengi. Walikuja kutoka kila pembe, wakifuata rashi: leo Nyarugusu, kesho Lwamgasa, kesho kutwa Mgusu, popote uvumi ulipotaja dhahabu. Bulyanhulu, upande wa Kahama, palikuwa na maelfu yao kabla ya kuondolewa mwaka 1996 kumpisha mwekezaji, uondoaji ambao mpaka leo ukitajwa huko Kakola, jirani na mgodi, watu hushusha sauti. Mgodi mkubwa wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001. Mwaka mmoja kabla, Geita Gold Mine ilikuwa imefunguliwa na Ashanti Goldfields, na baada ya muungano wa 2004 ikawa mali ya AngloGold Ashanti. Shimo la Nyankanga likachimbwa palepale kwenye ukanda wa zamani, na mengi yaliyobaki ya mgodi wa 1936 yakamezwa na mashine mpya.

Kuuona mgodi wa kisasa ni jambo la utaratibu mkali. Kikundi hupangwa kiwe kidogo: wanafunzi wa chuo, wabunge wa kamati, waandishi. Hupewa mafunzo ya usalama, kofia ngumu, reflekta na viatu vya ncha ya chuma, hupimwa pumzi kama wamekunywa pombe, kisha hupakiwa kwenye kosta hadi ukingo wa shimo. Pale huona malori makubwa kuliko nyumba yakionekana chini kama siafu. Mwongozaji husema takwimu za tani na gramu. Mgeni hupiga picha panaporuhusiwa. Sina ugomvi na utaratibu huo. Shimo la mamia ya mita si mahali pa kuzurura. Lakini mgeni aliyeishia pale ameiona Geita kutoka juu tu.

Geita ya pili iko kwenye maduara. Duara ni shimo la mchimbaji mdogo, jembamba, lililoshikiliwa kwa matimba, linaloshuka makumi ya mita. Kila duara lina mwenye duara, mwenye shamba, wachimbaji, wabebaji, na mgawanyo wa viroba unaojulikana kabla jiwe la kwanza halijatoka. Mawe hupelekwa karashani kusagwa, unga hupelekwa mwaloni kuoshwa, na zebaki hushika chembe za dhahabu mikononi mwa watu wasio na glavu. Mwenyeji akikuzungusha huko kwa saa mbili utaelewa uchumi wa Geita kuliko kwa ripoti yoyote. Utaelewa pia hatari yake. Oktoba 2015 duara liliporomoka Nyangalata, wilayani Kahama, na wanaume walionaswa chini walikaa siku 41 gizani wakila mende, vyura na mizizi. Watano walitolewa hai wakati familia zao zilikuwa zimeshafanya matanga.

Kati ya Geita hizo mbili kuna magwangala. Ndivyo wenyeji wanavyoyaita mawe ambayo mgodi mkubwa huyatupa kwa kuwa dhahabu yake ni kidogo mno kwa mitambo yake. Kwa mwanamke mwenye nyundo na watoto watatu, si kidogo. Kwa miaka mingi watu waliyadai, na mwaka 2016 Rais Magufuli aliagiza wapewe. Ukitaka kumweleza mgeni historia ya ukanda huu kwa kituo kimoja tu, usimpeleke kwenye ukingo wa Nyankanga. Mpeleke kwenye lundo la mawe.

Kuna ziara nyingine ambayo Shinyanga imekuwa ikiitoa kwa miaka karibu 40, na haina uhusiano na madini. Niliahidi kurudi kwenye deni la shoka. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikiitwa jangwa. Mbung'o, pamba, kuni na uhamisho wa vijiji vya ujamaa vilikuwa vimeimaliza miti. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni wataalamu walisambaza miche. Baadaye wakafanya jambo la busara zaidi: wakawauliza wazee. Wasukuma walikuwa na ngitili, eneo la malisho linalofungwa msimu wa mvua na kufunguliwa kiangazi, kila kaya au kijiji kikijua mipaka yake. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vimeivuruga desturi hiyo. Iliporuhusiwa kurudi, miti ilirudi yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi. Ngitili zilizokuwa kama hekta 600 mwaka 1986 zilizidi hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika vijiji zaidi ya 800. Watafiti wa dunia nzima wamekuja kutembezwa humo, na huko mwongozaji huwa ni mfugaji mwenye fimbo, anayekutajia mti mmoja mmoja: huu dawa ya tumbo, huu kuni, huu asali. Miaka 60 baada ya Makwaia kuwatoa watu na mashoka, wajukuu wa wale waliofyeka walikuwa wakiwaonyesha wageni namna ya kuacha kufyeka.

Nitaje kwa haraka mtu mmoja wa Quebec, si Williamson. Padri David Clement naye alitoka huko, akafika Usukumani, na badala ya kuchimba alikusanya. Makumbusho ya Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, ni kazi yake na ya wazee wa Kisukuma: ngoma za watemi, viti vyao, historia ya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, jengo lenye umbo la kiti cha enzi. Kila Juni ngoma za Bulabo huwakusanya watu hapo. Jimbo moja la Kanada lilituletea mtu aliyeipeleka almasi London na mtu aliyeiacha ngoma nyumbani.

Leo ukanda huu umefunguka kuliko wakati wowote. Machi 2019 Waziri Mkuu Majaliwa alifungua Geita soko la kwanza la madini nchini, ambako mchimbaji huuza dhahabu yake mbele ya mizani ya serikali. Tangu 2018 kila mwaka hufanyika huko maonesho ya teknolojia ya madini, na wananchi huingia kutazama mitambo ambayo zamani ilikuwa nyuma ya uzio. Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa, lenye urefu wa kilomita tatu hivi, na foleni ya kivuko kati ya Mwanza na Geita ikawa hadithi. Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, chenye sokwe wa kizazi cha wale waliorudishwa kutoka bustani za wanyama za Ulaya miaka ya 1960, kiko ndani ya mkoa wa Geita, ulioundwa mwaka 2012. Mtu anaweza sasa kutoka Shinyanga asubuhi kwa gari, akapita Mwadui, akavuka ziwa kwa daraja na kulala Geita.

Anachokosa ni mwenyeji wa kumweleza. Waongoza watalii wetu husomeshwa twiga, simba na Kilimanjaro, na hayo yana soko lake. Historia ya mbung'o, ya uzio wa Mwadui, ya mgodi wa 1936 na ya magwangala haimo kwenye vyeti vyao, na sehemu kubwa haimo kwenye kitabu chochote. Imo kwa watu. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mgodi wa zamani wa Geita ulipofungwa, leo ana miaka 80 hivi. Mtoto wa miaka kumi aliyesikia ndege ya Princess Margaret ikishuka Mwadui naye yuko rika hilohilo. Nawaomba halmashauri za Kishapu, Shinyanga, Kahama na Geita, na walimu wa historia katika shule za huko, wawafuate wazee hawa mwaka huu na kinasa sauti na kijana wa kujifunza, kabla hawajamfuata mwekezaji wa hoteli.